Mwanafunzi wa Nane

Mchepuo wa fasihi ungefunguliwa kama tungefika wanafunzi wanane. Mkuu wa shule aliniambia hivyo Jumatatu, huku akikung'uta vumbi la chaki kwenye koti lake. Mpaka siku hiyo orodha ilikuwa na jina moja, langu.

"Batoto munane, option inafunguka," alisema. "Saba, haifunguke. Uniletee liste vendredi." Ijumaa ilikuwa siku nne mbele.

Nilitaka fasihi na Kiingereza kama mgonjwa anavyotaka maji. Mama alitaka niende biashara, nijifunze hesabu za ofisi, siku moja nikae kwenye kiti kinachozunguka katika kampuni ya madini. Yeye aliuza unga wa Zambia pale sokoni Naviundu na hakuwahi kuwa na kiti cha aina yoyote; alikalia gunia.

"Mashairi banakulaka na bukari?" aliniuliza, huku akisonga ugali. Kisha tukakubaliana: nikipata wanane, nitasoma fasihi. Nikikosa, nitaenda biashara bila kununa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama wiki nzima, nyumba kwa nyumba, kama mtu anayeuza sabuni. Nilipata pacha wawili waliokataa kutenganishwa. Mmoja alitaka fasihi, mwingine hakuwa amefikiri chochote maishani. Nilipata mvulana aliyeikimbia hisabati, na mwingine aliyekubali kwa sababu dirisha la darasa hilo linatazama kwa mama anayekaanga mandazi. Nilipata msichana aliyetaka kujua madereva wa Zambia wanasema nini wanapomcheka. Wa saba alikuwa kijana wa kanisa aliyetamani kuwa mkalimani wa wahubiri wageni, maana mkalimani naye hupewa soda. Wa nane alikuwa jirani yetu, na huyo hakunipa sababu. Nilimpenda kuliko wote.

Ijumaa asubuhi baba yake alimhamishia kemia.

Mama alifuatana nami shuleni, akiwa bado na unga kwenye nyusi. Alikuja kuniandikisha biashara, na njiani alikuwa mpole kiasi cha kuniudhi. Mkuu wa shule alihesabu majina kwa kidole, akahesabu tena kuanzia chini, labda kwa kunihurumia. Saba. Akatoa fomu ya biashara. Nililia pale pale, mbele ya ramani ya dunia, bila aibu.

Mama alishika kalamu, asiandike.

"Monsieur le préfet, miaka iko na mwisho?"

"Miaka ya nani, mama?"

"Ya mwanafunzi."

Mkuu wa shule alifungua kitabu cha kanuni. Alisoma kuhusu nywele, kuhusu simu, kuhusu kutema mate ukutani. Kuhusu umri hakukuwa na neno. Alifika ukurasa wa mwisho, akaligeuza jalada, akaangalia hata nyuma yake.

"Mi nilifikaka pa kuchagua option," mama alimwambia. "Bulletin iko mu sanduku." Ripoti hiyo sikuwahi kuiona. Kisha akanigeukia, bila hasira hata kidogo: "Ile siku ya kuchagua, weye njo ukakuja." Ndipo nilipojua kwamba aliacha shule kwa ajili ya kunizaa.

Akaandika jina lake chini ya lile la mkalimani.

Nilitaka fasihi, sikutaka kukaa na mama darasani! Lakini wanane walikuwa wanane. Fundi cherehani alimpima sketi ya bluu ya sare, akacheka mpaka akameza pini, au alidai kuwa ameimeza. Siku ya kwanza mama alipoingia tulisimama sote, na mwalimu naye akasimama. Akamwambia wazazi wanasubiri nje. Mama akaketi dawati la mbele, akatoa daftari.

Aliniaibisha kila siku. Alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Aliwagombeza pacha kwa kuchelewa. Shairi moja la mwanamke mwenye huzuni lilipomalizika, alimwambia mwalimu kwamba yule mwanamke angekuwa na kazi ya kufanya asingelia hivyo. Na Kiingereza! Miaka ya kubishana na madereva wa malori ilikuwa imemfundisha kunguruma katika lugha ile. Mwalimu alijua kanuni, mama alijua kuongea. Muhula ulipokwisha alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa tatu, nyuma ya yule wa mandazi.

Kila ripoti ilipaswa kusainiwa na mzazi, au mtu wa familia. Tulikaa juu ya magunia. Mama alisaini yangu, akaandika kwenye nafasi ya maoni maneno yale yale aliyoniandikia tangu shule ya msingi, hata nilipokuwa wa kwanza: Anaweza zaidi. Nilikuwa nimeyachukia maneno hayo utoto wangu wote.

Kisha akanisukumia ya kwake. Bibi yangu alikuwa amekwisha kufariki. Hakuwa na mtu mwingine.

"Saini. Fanya mbio, niko na devoir."

Nilisaini polepole, kwa jina langu lote. Kwenye maoni sikujua la kuandika, nikaandika lile nililolijua: Anaweza zaidi.

Mama aliisoma. Nilingoja anigombeze, maana alikuwa wa kwanza darasani. Akaipangusa karatasi unga kwa kiganja, akaisoma tena.

"Ni kweli?" aliniuliza.

"Ni kweli, mama."

Akaikunja, akaiweka kifuani, akaanza kufanya zoezi lake.