Amina Niliyomnyima Dereva

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilizaliwa Mundika katika nyumba ya wanawake wanaosema, nikaolewa Malaba na mwanamume mpole wa kabila la Wateso, mtu wa Angurai, ambaye ukimpa maneno kumi anakurudishia moja. Yeye ni dereva wa trela. Mimi nashona nguo kwenye baraza ya duka kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Kwa hiyo sisi huagana barabarani, si nyumbani.

Tulikuwa na desturi yetu. Makaratasi yake ya forodha yakishatoka ananipigia simu, naacha cherehani, naenda hadi lilipo lori. Naweka kiganja kwenye mlango wa upande wa usukani, naomba. Yeye anasimama nyuma yangu, kofia mkononi, na hapandi kabla sijasema amina. Wake wengi wa madereva hapa hufanya hivyo. Wengine hushika tairi. Sisi mlango ulitutosha. Miaka tisa niliomba hivyo, na miaka tisa alirudi, hata nikaanza kuamini, Mungu anisamehe, kwamba anarudishwa na kiganja changu.

Wazo hilo sikulisema kwa sauti, lakini nilikuwa nalo. Jirani yangu pale barazani ni mjane anayewauzia madereva chai na mandazi. Mumewe naye alikuwa dereva. Miaka miwili iliyopita usingizi ulimchukua akiwa kwenye usukani, kabla ya kufika Soroti, lori likaacha barabara, akafa. Nilipika matangani, nikalia naye. Ila moyoni, nikikumbuka mjane huyo alivyokuwa akimwombea mumewe haraka haraka na birika mkononi, nilikuwa na maelezo yangu. Naona aibu kuliandika hilo.

Sasa, mwaka jana kitinda mimba wetu alikuwa abatizwe Jumapili. Baba yake alikuwa ameahidi kuwepo. Gauni jeupe nilikuwa nalishona mwenyewe. Ijumaa asubuhi, mume wangu bado anakunywa uji, simu yake ikalia: kuna mzigo wa Gulu. Akasema sawa boss, akaweka simu mezani.

"Umesema sawa?" nikamuuliza. "Na ubatizo?"

"Mungu akishapanga safari, mimi ni nani?"

"Weh! Mungu ndiye amepokea simu? Nimesikia sauti yako mimi. Ulikuwa na mdomo wa kusema hapana."

Alichukua begi lake akatoka. Ningemwelewa kama angesema tu anaogopa kupoteza kazi. Lakini kuchukua uamuzi wake na kumbebesha Mungu, hilo lilinichoma.

Saa sita mchana akanipigia. "Niko tayari. Kuja uombe."

"Si Mungu ndiye amepanga? Basi amalizie mwenyewe. Mimi nina kazi."

Nikakata simu. Kutoka barazani nilimwona amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, akiangalia upande wangu. Nami nikainamia cherehani. Foleni ikasogea, wa nyuma wakaanza kupiga honi, akapanda akaenda. Nilipotazama kazi yangu nikakuta nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

Huwa ananipigia akifika Lira, njiani kwenda Gulu. Jumamosi hakupiga. Nikampigia, hapatikani. Jumapili mtoto alibatizwa, akalia maji yalipomgusa, watu wakapiga vigelegele, nami nikatabasamu kwa meno tu. Jumatatu dereva mmoja aliyetoka upande wa pili akasema pale kwa mama chai kwamba kuna trela imepinduka kabla ya Lira. Nikamuuliza rangi ya kichwa chake. Akasema nyeupe. Ya mume wangu ni nyeupe. Lakini nusu ya malori yote ya barabara hii ni meupe, akaniambia, usijipe wasiwasi mama. Hakuwa ameona namba.

Woi, siku hiyo niliomba. Nilienda nyuma ya duka nikapiga magoti kwenye kokoto. Lakini niombe nini? Kama ile trela ilikuwa yake, ilishapinduka. Nikajaribu kuomba kwa kurudi nyuma: Bwana, ile Ijumaa saa sita, chukulia kwamba niliomba. Nilifundishwa tangu Sunday school kwamba kwa Mungu jana na kesho ni mamoja. Ni rahisi kuliimba hilo. Kwenye kokoto nilijisikia kama mtu anayekimbilia stendi na barua wakati basi limeshaondoka.

Nikamwendea jirani yangu. Nilitaka anifariji, nikafungua mdomo wangu huu. "Dada, hii ni makosa yangu. Mimi sikumwombea. Kama ningemwombea hili lisingempata."

Aliweka kikombe chini. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Kwa hivyo wangu mimi sikumwombea?"

Nikataka kumshika mkono, akauondoa.

"Nilimwombea kila safari. Siku ile pia. Alikuwa ametoka Mombasa bila kulala, macho mekundu. Nikamwambia pumzika. Akaniambia, wewe omba tu, nitafika. Nikaomba. Nikasema amina. Sasa niambie, ni neno gani nilikosea?"

Nilimwomba msamaha pale pale, nikamwambia hata yale mabaya niliyokuwa nikiyawaza juu yake, kwa sababu nikianza kusema huwa sijui kuacha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nirudi kwenye kazi yangu. Siku mbili hatukusalimiana.

Alhamisi mchana trela nyeupe ikasimama ng'ambo ya barabara, ikiwa tupu, mume wangu akashuka. Nililia nimeng'ang'ania shati lake. Kisha nikamtukana. Simu yake ilikuwa imeanguka ikapasuka huko Mbale, akasema, na namba yangu haijui kwa kichwa. Miaka tisa! Mzima, mnene, na namba ya mkewe haijui.

Aliketi kwenye benchi ya jirani yangu, akaagiza chai. Yule mama akawa anamimina.

"Mbona umechukua siku nyingi hivi Gulu?" nikauliza.

"Nilikuwa nalala." Akacheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa. "Nililala Mbale, nikalala Soroti, nikalala Lira. Jua likizama tu, napaki. Boss amenifokea sana."

"Na safari zingine?"

"Safari zingine huwa napiga moja kwa moja. Macho yakiwa mazito najiambia, aa, mama watoto ameshaomba, twende. Sasa hii hukuomba. Niliogopa mimi."

Alisema hivyo kwa wema kabisa. Alidhani ananisifu. Chai ilifurika kikombeni ikamwagika mezani, jirani yangu akaweka birika chini akaingia ndani.

Nimelifikiria jambo hilo mwaka mzima. Miaka tisa nilidhani namlinda, kumbe nilikuwa nampa ruhusa ya kuendesha akisinzia. Yeye alimwachia Mungu macho yake, mimi nikamwachia Mungu ulimi wangu, maana sikuwahi kumuuliza hata siku moja amelala saa ngapi. Na ile safari niliyomnyima maombi, nani alimlinda? Mungu, nasema mimi. Hakungoja kibali changu. Lakini naamini alimlinda kwa ule woga aliokuwa nao, na kwa ule mguu wake mwenyewe aliokanyagia breki. Kwa nini mume wa jirani yangu hakupewa woga kama huo, sijui, na mtu akija kunieleza nitamfukuza barazani. Basi kwa nini naomba bado? Kwa sababu nampenda, na siwezi kumwona akipanda gari lile nikakaa bila kumwambia Mungu.

Safari iliyofuata alinipigia simu. Nikaenda. Niliweka kiganja mlangoni nikaomba kama kawaida, nikafika mwisho, nikanyamaza. Akangoja. Foleni ikaanza kusogea.

"Sema amina basi," akaninong'oneza.

"Utalala wapi?"

"Mama, watu wanapiga honi."

"Wapige. Utalala wapi?"

"Mbale."

"Halafu?"

"Soroti. Halafu Lira." Alikuwa anacheka.

Nikasikia hatua nyuma yetu. Jirani yangu alikuwa ameacha biashara yake, aproni kiunoni, mikono ina unga wa mandazi. Tangu amzike mumewe, hakuwa amesogelea lori. Akaweka kiganja chake mlangoni kando ya changu, akamtazama mume wangu.

"Na ukichoka kabla ya kufika Soroti?"

Mume wangu akaacha kucheka. Alijua anaulizwa na nani.

"Nitapaki, mama. Popote nitakapokuwa."

Yule mama hakuondoa mkono. Nilimngoja yeye. Aliomba kwa sauti ya chini, kisha akasema amina, nami nikaisema baada yake.