Kigari cha Buluu Nilichomchagulia Laddu

Kama umewahi kuonyeshwa kwenye simu ya mtu ile video ya kigari cha farasi kilichokaa kitako katikati ya mlima kule Chatsworth, mtaa wa Wahindi huku kusini mwa Afrika, na mwanamke mmoja wa viatu vyekundu amelala chali miguu inatazama mawingu, usijisumbue kuuliza ni nani. Ni mimi, Hadija, fundi cherehani, binti wa Kondoa, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na afadhali uyasikie kutoka kwangu kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi (eti nililia pale pale. Sikulia pale. Nililia nyumbani, nikiwa nimeshavua viatu).

Nimepanga chumba cha uani kwa Anko Sunny, mzee wa Kihindi aliyestaafu udereva wa basi, nyumba yake ni ya mwisho kabisa pale bonde linapoanzia. Alikuwa amemnunulia mjukuu wake farasi mfupi, wale wanaoitwa poni, mnene, rangi ya sukari guru, akampa jina Laddu kama vile vitamutamu vya mviringo wanavyogawa kwenye sherehe zao. Mjukuu akahamia Australia na wazazi wake. Laddu akabaki uwanjani anakula nyasi na kunenepa, Anko naye akabaki barazani anamtazama, na kati yao sijui nani alikuwa mpweke zaidi. Siku moja Anko akaniambia Laddu ameshafundishwa kuvuta tangu huko alikotoka, kwa hiyo anataka kumtafutia kigari cha kila siku, cha kwenda dukani kununua mkate na gazeti na kurudi, ili wote wawili wanyooshe miguu, ila hajui aanzie wapi.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikamwambia Anko, mimi nimekulia kwenye mkokoteni.

Na si uongo, ila si kweli yote. Baba yangu alikuwa na mkokoteni wa punda, alikuwa anauza maji, mapipa manne kutoka bombani hadi mjini, na mimi nikitoka shule nilikuwa nadandia nyuma, nakaa juu ya pipa nikining'iniza miguu, maji yanaruka yananilowesha sketi, Baba mbele haongei, anapiga mluzi tu. Hatamu sijawahi kuzishika hata siku moja. Lakini nina miaka kumi na moja sijafika nyumbani, kwanza makaratasi hayakuwa sawa, na yalipokaa sawa mama alikuwa ameshazikwa na mimi nikaona aibu kurudi kwenye kaburi, basi nikaendelea kushona. Mtu wa namna hiyo ukimtajia mkokoteni, akili inahama.

Tukaenda Bluff, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anauza vigari viwili vya marehemu mumewe. Kimoja kilikuwa cha vyuma, matairi mawili madogo kama ya pikipiki, ubao wa kukalia, basi, hakina sura. Cha pili kilikuwa cha buluu, magurudumu mawili ya mbao yananifika kifuani, springi chini, kiti cha mbele kina egemeo la ngozi, na nyuma yake kuna benchi lingine linalotazama kule mlikotoka. Nikapanda cha buluu, nikakaa. Kutoka pale juu niliona juu ya ukuta, nikaona bandari yote na meli zake, na kitu cha kwanza kilichonijia ni Baba, aliyekaa maisha yake yote juu ya ubao wenye misumari bila egemeo. Nikataka anione nimekaa pale. Hayo tu. Sikufikiria mkate, sikufikiria gazeti, na Mungu anisamehe, Laddu sikumfikiria kabisa.

Yule mjane akaniuliza kama tumempima farasi, maana hicho cha buluu kilitengenezewa mnyama mkubwa kidogo. Anko akanigeukia. Nikasema tumempima.

Mimi hapo, ninayeamka na futi kamba shingoni, ninayewagombeza mafundi wenzangu wanaokata kitambaa kwa kukisia.

Tulipomfunga Laddu mara ya kwanza, ile mipini miwili anayosimama katikati yake ilimpita pua, na mikanda tuliivuta hadi tundu la mwisho na bado ilipwaya. Lakini Anko ana uzito wa kuku, na barabara ya mbele ya nyumba ni tambarare, basi tukaenda tukarudi, majirani wakatoka kutazama, nikajiona nimefaulu. Na kwa kujiona huko, jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, aliponiambia kwamba binti yake anaolewa Jumamosi na kanisa liko pale juu tu, mwendo wa dakika kumi, nikamwambia bibi harusi nitampeleka mimi. Hakuwa ameniomba. Akaniuliza, "Dada Hadija, sema na mimi kweli. Ile farasi inaweza?" Nikasema inaweza.

Jumamosi asubuhi nikavaa viatu vyekundu. Furaha na gauni lake alikaa kando yangu kiti cha mbele, Mama Furaha akakaa benchi la nyuma anawapungia mkono watu waliotufuata kwa miguu, na kwenye mapaja yake kaweka sanduku la vitenge vya kuwapa wakwe, sanduku ambalo wanaume wawili ndio walilipandisha (nililiona likipanda, sikusema neno). Anko akatembea pembeni ya kichwa cha Laddu. Mimi nikashika hatamu. Na ili shughuli ikamilike nilikuwa nimeshapanga na dada yangu Mwajuma kule Kondoa apige simu ya video, Baba akae karibu, na Furaha, mtoto mwenye adabu, akakubali kuishika simu ili Baba aone njia yote.

Baba alikuwa anatazama tangu tulipoanza. Tulipofika kwenye roboti, ndizo taa za barabarani za huku, tukasimama, akauliza, "Dija, mbona mipini inatazama juu?"

Nikamwambia ndio mtindo wa huku.

"Mnyama hana mtindo," akasema. "Teremsha watu wa nyuma kabla ya mlima."

Nikamwambia subiri Baba, tumekaribia. Nyuma yetu teksi zilikuwa zimejipanga zinapiga honi, watu kwenye madirisha wameshatoa simu, kanisa linaonekana, na mimi nilikuwa nimengoja miaka kumi na moja kuonekana na baba yangu nikiwa mtu. Taa ikawaka kijani. Nikatikisa hatamu.

Laddu alijitahidi, hilo nitalisema popote. Alipanda kama hatua ishirini. Kisha mlima ukakaza, uzito wote ukarudi nyuma kwa Mama Furaha na sanduku lake, mipini ikaanza kupanda taratibu, na mkanda wa tumboni ukawa unamnyanyua yule mnyama hadi kwato za mbele zinagusa lami kwa ncha tu. Nikasikia mkanda unakatika. Mipini ikaenda juu, kigari kikakaa kitako, Mama Furaha akafika chini akiwa bado amekaa vilevile na sanduku lake, kama mtu aliyeteremshwa na lifti, na mimi na bibi harusi tukalala chali kwenye egemeo la ngozi, tumetazama mbingu, miguu yetu imetangulia.

Honi zikanyamaza. Kisha simu, iliyoangukia kwenye shela la Furaha, ikaongea kwa sauti ya baba yangu.

"Mnyama ameumia?"

Hakuuliza juu yangu. Nikainuka kwa kiwiko kimoja, nikamwona Anko amemkumbatia Laddu shingoni anamnong'oneza kwa Kitamil, na chini ya tumbo, pale mkanda ulipopita, manyoya yametoka na ngozi imekuwa nyekundu upana wa viganja viwili. Nikamwambia Baba, ndiyo, ameumia kidogo. Akasema nimtoe kwenye mikanda yote iliyobaki, nimpe maji, asivute chochote mpaka ngozi ifunge. Halafu akasema, "Na wewe?" na kabla sijajibu, simu ikakatika.

Furaha alishuka, akakusanya gauni lake mkononi, akampa mama yake mkono, akapanda ule mlima uliobaki kwa miguu. Wanawake wakaanza vigelegele, madereva wa teksi wakafuata na honi, na watu wanasema alifika kanisani anacheka. Mimi sikuona. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara nimeshika ndoo ya maji, Laddu anakunywa.

Jumapili nikampigia Baba. Nilidhani atanisema. Akaniuliza tu urefu wa mnyama begani, mzunguko wa kifua, toka kifuani hadi kwenye paja, na nilipokwenda kupima (mara hii kweli, na futi kamba yangu) vipimo vilikuwa vinaandikwa upande wa pili, nilimsikia anamwambia Mwajuma polepole, hapana, andika hapa. Akanieleza kwamba mtu akishakaa kwenye kigari, wewe uliye chini uweze kuinua ncha za mipini kwa mkono mmoja, na kigari cha kila siku ni kile ambacho mnyama akishatembea kidogo anakisahau. Nikamwambia Anko kwamba tulikuwa hatujapima. Akajibu kwamba alijua, siku ile ile kule Bluff, lakini aliniona nilivyokaa pale juu, akashindwa kusema.

Mjane hakutusumbua, alikipokea cha buluu akatupatia kile cha vyuma. Ngozi ya Laddu ilifunga baada ya wiki tatu. Sasa kila asubuhi Anko anaenda naye kununua mkate, na Ijumaa nikiwa sina kazi naenda mimi. Mama Furaha ananisalimia, ila akiniona na hatamu anavuka barabara, na ana haki yake.

Ijumaa iliyopita Baba alipiga, nikaanza kumweleza habari za njia, nani kaoa, nani kajenga ukuta. Akaniambia ninyamaze. Akasema niweke simu kwenye ubao pembeni yangu, asikie kwato.

Nikaiweka. Tukaenda hivyo hadi dukani, na mlima mdogo wa mwisho niliupanda nikitembea kando ya Laddu. Nimeapa, tena mbele yake, kwamba mzigo wa kutamani nyumbani nitaubeba kwa miguu yangu mwenyewe. Nauli ya Kondoa nimeanza kuiulizia.