Kiyunani Kwenye Kibodi Yangu

Mdogo wangu wa mwisho anasoma chuo cha wachungaji hapa Juba, na tangu aanze, kazi zake zote nimezichapa mimi, kwenye kibanda changu cha uchapaji mtaa wa Jebel. Wazazi wetu walipofariki tukiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, mimi niliye mkubwa niliacha shule ili wadogo waendelee. Sijutii. Lakini siku aliponiletea ukurasa wenye Kiyunani, Kigiriki kile cha kale cha Agano Jipya, akausoma kwa sauti kama anayesoma kibao cha duka, nilimwonea wivu.

Nikajifanya mjuzi. Kompyuta yangu ilikuwa na fonti moja ya kizamani: unabonyeza a ya kawaida, kwenye skrini inatokea ya Kiyunani. Nikachapa aya zote, naye akaenda na flashi kuprinti chuoni, kwa kuwa printa yangu ilikuwa imeishiwa wino.

Alirudi uso umemshuka. "Malesh, dada, samahani. Imeharibika."

Kompyuta ya chuo haikuwa na fonti ile, kwa hiyo kila neno la Kiyunani lilitoka herufi za Kiingereza zilizovurugika. Mwalimu alikuwa amempa mpaka Jumatatu, la sivyo angerudia somo zima.

"Kuna mwenzangu ana laptopu yenye kibodi ya Kiyunani," akasema bila kunitazama. "Anaweza kunichapia."

Mwenzangu! Miaka yote hiyo mwenzake nilikuwa mimi.

"Mwambie aje aniwekee hiyo kibodi hapa. Nachapa mimi."

Akaja, msichana wa Uganda, mcheshi. Aliitazama mashine yangu, akatikisa kichwa. "Mama, hii kompyuta yako iko mzee kuliko hii Kiyunani."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikaenda kuwasha jenereta.

Kumbe kibodi yenyewe ilikuwamo ndani ya kompyuta muda wote, ikisubiri kuchaguliwa. Akaiongeza kando ya Kiingereza na Kiarabu, akanichagulia fonti ambayo kompyuta yoyote inaisoma, akanifundisha kwamba alama ya juu unaibonyeza kwanza, herufi baadaye. Vitufe vyangu vilishajaa Kiingereza na Kiarabu. Nikakata vipande vya plasta, nikabandika lugha ya tatu.

Vidole viligoma. W, iliyozoea kunipa o ndefu, sasa ilinipa s ya mwisho wa neno. Nikafuta, nikakosea tena.

"Mama, nikusaidie iishe haraka?" msichana akauliza, mkono tayari kwenye kiti changu. Mdogo wangu akatazama saa. Nilijua anaomba nikubali.

"Kaa hapa," nikamwambia mdogo wangu. "Nitajie herufi moja moja."

Msichana akaaga. Tulikwenda hivyo, herufi kwa herufi, mpaka ukurasa wa mwisho. Niliuliza mara moja tu neno fulani lina maana gani. Alieleza kwa furaha, macho yakimng'aa, hata nikatamani nisingeuliza.

Jumatatu kazi ilipokelewa.

Wiki chache baadaye alileta nyingine. Ilikuwa imeshachapwa kwenye laptopu ya mwenzake. Kwangu alitaka kuprinti tu. Nilipitia kila mstari wa Kiyunani nikitafuta kosa, moyo ukiniomba liwepo hata moja. Sikuliona, na hata lingekuwepo nisingelijua.

Nikazipiga karatasi stepla, nikamwambia awahi darasani.