Anayesubiri tumbo lingurume

Saa nane mchana, wodi ya wagonjwa mahututi. Nesi anainua kidole kimoja, na msafishaji anaacha kuburuta ndoo yake papo hapo. Nesi anainama, anaweka stetoskopu juu ya tumbo la fundi mwashi, anafumba macho. Anasikiliza hadi mgongo unamuuma.

Kimya.

"Bado," anasema, na ndoo inaendelea na safari.

Wenzake wanamwita Mama Matumbo. "Leo redio imekamata stesheni gani?" humtania, naye huwajibu kuwa betri zimekwisha. Leo anawapita na kwenda kwenye sinki. Mwashi huyu alikanyaga msumari kazini, akafunga mguu kwa kitambaa, akaendelea kupandisha ukuta. Maambukizi yakaingia kwenye damu, presha ikaporomoka.

"Dawa ya kupandisha presha inaokoa moyo na ubongo," ananieleza mimi mgeni wake huku akinawa mikono. "Lakini inabana mishipa ya utumbo. Utumbo ukikosa damu unakufa mtu mwenyewe yu hai, na vijidudu vinapenya humo humo kurudi kwenye damu. Unaziba huku, kunavuja kule."

Ndiyo maana daktari wao anajaribu dawa ya pili, inayopita taratibu kwenye mpira wa dripu, ya kulegeza mishipa hiyo midogo ili utumbo upate damu na kunguruma tena. Mke wa mwashi alikubali, baada ya kuambiwa wazi kwamba hakuna anayejua kama itasaidia.

Nesi ameshawatundikia wengine dawa hiyo. Wapo waliopona. Wengi zaidi amewafunika shuka kwa mikono yake, jamani, na kazi hiyo haizoeleki.

"Tumbo la mume wangu likinguruma kwa njaa, namwambia ashukuru kwanza," anasema. Anacheka kidogo, kisha anajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono imelowa.

Mke wa mwashi anaingia. "Dada, leo vipi?"

"Pole, mama. Tumbo bado halijaamka."

"Naomba nisikilize mwenyewe. Mimi ndiye ninayemjua."

Nesi anamvalisha stetoskopu. Mwanamke anabana pumzi, halafu uso unamchanua. "Nasikia! Linanguruma! Baba watoto, nakusikia!"

Msafishaji anaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Nesi anachukua stetoskopu, anasikiliza. Ni upepo wa mashine ya kupumulia, unapanda na kushuka mwilini mwa mgonjwa. Wauguzi wapya wote hudanganywa nao.

"Ni mashine, mama," anasema polepole. "Siyo tumbo lake."

Mwanamke ananyoosha mkono. "Basi nipe niisikilize hiyo hiyo."

Nesi anampa. Anasogea dirishani na kuniambia kwamba atasikiliza tena jioni kabla ya kukabidhi zamu, na kesho akifika, kama mwashi atakuwepo.

"Natamani siku moja tu," anasema, "nimwite mke wa mtu aje asikie kitu cha kweli."

Nyuma yake ndoo inaanza kukwaruza sakafu. Mwanamke bado amevaa stetoskopu, amefumba macho. Nesi anainua kidole, na ndoo inasimama.