Katiba ya Akina Mama Kwenye Chama cha Magari ya Mbio

Nimewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha magari ya mbio ambacho sare yake, kwa mujibu wa katiba, ilikuwa kitenge na kilemba.

Sitanii. Karatasi ilikuwa na muhuri kabisa.

Kosa lilikuwa langu. Na aliyelicheka kuliko wote ni mke wangu Francisca, ambaye tulimzika Novemba mwaka jana. Naandika kwa sababu nimeanza kuchanganya kipi kilitangulia kipi, na yule aliyekuwa akinisahihisha hayupo.

Naitwa Matiasi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Biharamulo mjini. Miaka hiyo nilikuwa na gari jekundu la milango miwili, liko chini kiasi kwamba kuku akisimama barabarani mnatazamana usoni.

Jina la kampuni silitaji. Mbele gari lilikuwa na alama ya ndege aina ya kipanga, sisi tukayaita Vipanga.

Tulikuwa saba katika wilaya mbili. Mimi, Ndassa mwenye mashine ya kukoboa, Marcel aliyekuwa akitoka Ngara, na wengine wanne. Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana Lusahunga, tunafungua boneti, kila mmoja anasikiliza injini ya mwenzake kama daktari anayesikiliza kifua.

Masharti yetu yalikuwa ya mdomo tu. Kipanga habebi gunia. Kipanga habebi kuku. Kipanga habebi mama mkwe.

"Hili ni gari au kiatu?" Francisca aliniuliza siku ya kwanza nililipoleta. "Maana naona linakutosha wewe peke yako."

Basi tukataka kuomba uwanja wa mpira tufanye maonyesho. Tukaambiwa kikundi lazima kisajiliwe, na usajili unataka katiba. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Walitaka Ijumaa.

Mimi kidato cha nne nilimaliza, ila kutunga katiba sikufundishwa. Francisca alikuwa katibu wa umoja wa kuzikana wa akina mama. Katiba yao ilikuwa kabatini, imechapwa vizuri, kurasa sita.

Nikaichukua. Nikaenda steshenari, nikamwambia dada wa pale, "Kila palipoandikwa Umoja wa Akina Mama, weka Umoja wa Vipanga. Kwenye sifa za mwanachama ongeza kwamba awe na gari lenye alama ya kipanga. Kingine usiguse."

Naye hakugusa.

Wenzangu sita wakasaini bila kusoma. Muhuri ukagongwa. Tukaenda kula nyama choma.

Mwaka mmoja na nusu mambo yalikuwa shwari. Halafu kampuni ikatoa Kipanga wa familia.

Gari refu, siti saba, mlango wa nyuma unafunguka kama wa ghala. Lakini mbele, ndege yule yule. Yalipoanza kuingia huku yakiwa yametumika Japani, tulicheka sana. Marcel akasema huyo si kipanga, huyo ni bata mzinga.

Jumapili moja Mwalimu Eustakia akaingia Lusahunga na la kwake. Jeupe. Juu kwenye keria kuna mkungu wa ndizi, ndani kuna wajukuu sijui wangapi.

"Shikamoo mwalimu," nikasema. Alinifundisha darasa la tatu.

"Marahaba Matiasi. Nimekuja kujiunga."

"Mwalimu, hiki ni chama cha mbio."

"Nionyeshe palipoandikwa."

Nikampa katiba. Mtu mwingine angeipitishia macho tu akanirudishia. Mwalimu wa darasa la tatu anasoma kwa sauti, na kwenye nukta anasimama.

"Kifungu cha nne. Sare ya mwanachama ni kitenge na kilemba." Akatutazama mmoja mmoja. "Mbona hamjavaa?"

Wajukuu wakaangua kicheko. Ndassa akanigeukia. "Mwenyekiti, huyu anasoma nini?"

"Kifungu cha tisa," mwalimu akaendelea. "Mwanachama akifiwa, wanachama wote watafika siku hiyo hiyo na kuni, maji na unga. Mwanachama akijifungua, atapelekewa uji siku saba."

"Nani ajifungue?" Marcel akauliza, kwa hofu ya kweli.

Nilifika nyumbani nimekunja uso. Francisca alikuwa anapepeta maharage yake ya kuuza gulioni. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Kumbe ulichukua ile! Nimeitafuta kabati zima, nikawasingizia panya."

"Tutaibadilisha."

"Badilisheni. Ila kitenge kingekupendeza, Baba Happy."

Happy ni binti yetu Happyness, anafanya kazi Mwanza.

Kifungu cha sare tulikifuta wiki hiyo hiyo. Cha tisa tukakiacha. Mwalimu Eustakia, tuliyelazimika kumpokea, alikuwa peke yake mwenye gari la familia, na tulimwona si mtu wa kufiwa karibuni.

Wiki tatu baadaye akafiwa na baba yake, kijijini Nyabusozi.

Alinipigia mwenyewe. "Matiasi. Kifungu cha tisa." Akakata simu.

Aisee, tulienda. Magari saba ya mbio yamepakia kuni. Ndassa aliifunga ndoo ya maji mkanda kwenye siti ya mbele kama abiria. Kila shimo lilitukwangua tumbo. Marcel alidondosha bampa, akashuka, akaiweka juu ya kuni, akaendelea na safari. Tulipoingia tunanguruma kwa msafara, waombolezaji wakasimama wakidhani ni kiongozi mkubwa amekuja.

Hapo ndipo tulipoharibu. Au ndipo tulipotengeneza, sijui.

Maana watu waliona. Gulioni Runazi habari ikawa kwamba ukiwa na gari lenye ndege, siku ukifiwa wanakuja watu na kuni zao na injini zao. Mtu aliyekuwa anatafuta tu gari la kubeba watoto na mihogo akawa anauliza kwanza, lina ndege?

Mashimba wa spea ndiye aliyenifumbua macho. Nilikwenda kuagiza shokapu. Zamani rafu zake zilijaa mafla za kelele na rimu za kung'aa. Siku hiyo nikakuta siti za watoto, keria, na mazulia ya plastiki, yale ambayo mtoto akitapika unafuta tu.

"Shokapu zako siagizi tena," akasema. "Wateja wangu wa Vipanga siku hizi ni walimu, manesi, mkatekista na mama wa maharage. Wanauliza linabeba magunia mangapi. Linakimbia vipi, mwaka mzima hajaniuliza mtu."

"Mama yupi wa maharage?"

Akajifanya anatafuta boksi. "Kwani hajakuambia?"

Nilikuta limeshaegeshwa uani. La bluu. Francisca yuko kwenye usukani anajaribu wipa.

"Ni Kipanga," akasema kabla sijafungua mdomo. "Usiseme nimekusaliti."

Kufikia mwaka jana tulikuwa thelathini na mmoja. Wenye magari ya chini tulibaki saba wale wale. Wengine wote walikuwa wa familia. Mikutano ilihama Lusahunga ikaja uwanja wa kanisa, kwa sababu kuna choo. Nikifungua boneti wenzangu wasikilize, mama mmoja ananiomba nimshikie mtoto kidogo.

Nisiwafiche, iliniuma. Nilikuwa nakiona chama changu kinakufa huku nakiongoza. Nikaapa kukirudisha kilivyokuwa.

Machi nikaitisha mkutano wa kufuta kifungu cha tisa. Nikauweka siku ya gulio Runazi, makusudi, nikijua akina mama watakuwa sokoni.

Walifika wanane tu, Francisca akiwamo. Sisi saba tulikuwepo wote.

Mikono ikainuliwa. Saba kufuta, saba kuacha. Francisca bado. Mwalimu Eustakia akaanza kukunja karatasi zake, akijua imekwisha.

Francisca akainua mkono upande wangu.

Nane kwa saba. Kifungu kikafutwa.

Njiani nikamuuliza kwa nini.

"Siwezi kukuaibisha mbele za watu, Baba Happy," akasema. "Ila mlango umeufunga ukiwa wewe mwenyewe uko nje."

Nikacheka. Kesho yake nikamkabidhi Ndassa, katibu wetu, barua ya mabadiliko aipeleke ofisini. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ushindi.

Akina mama hawakuacha kwenda misibani. Nikajua ni mazoea yao. Mimi sikwenda tena. Mei mkatekista Faustini alifiwa na kaka yake. Nilipita barabarani nikapiga honi ya pole.

Honi!

Agosti alifiwa nesi Agness, nikamtumia ujumbe wa simu. Francisca alipakia kuni peke yake kwenye lile la bluu, hakuniuliza chochote. Picha hiyo ya mgongo wake akiinama na kuinuka ndiyo inayonijia sana.

Novemba alianza kulalamika kichwa. Presha. Siku ya tatu alifariki hospitalini.

Maziko yalikuwa kwetu Kaniha, ndani kabisa, ambako barabara ni jina tu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Asubuhi ile nilikaa kwenye kiti uani na shangazi yangu na majirani wachache. Kuni zote za jirani zilikuwa zimelowa. Jiko lilitoa moshi bila moto.

Shangazi akaniuliza, "Baba, watu wa chama chako wanafika saa ngapi?"

Nikainama nikapuliza jiko. Ningesemaje? Kwamba hawaji, kwa sababu mimi mwenyewe nilipanga wasije kwa mtu yeyote?

Saa nne nikasikia injini.

Injini ile naijua. Ya Ndassa. Gari lake halikuumbwa kwa kilima kile hata kiangazi, lakini likaingia uani limejaa kuni kavu mpaka juu, mlango umefungwa kwa kamba, matope hadi kwenye kioo. Nyuma yake Marcel, kutoka Ngara, na madumu ya maji. Nyuma yao wale wanne wengine wa chini. Kisha Vipanga wa familia, mmoja baada ya mwingine, mpaka uani pakakosa nafasi wakaegesha kwenye migomba. Eustakia. Faustini. Agness.

Nikamfuata Ndassa. "Kifungu cha tisa tulikifuta."

Akatua mzigo. "Nani alikifuta?"

"Barua si nilikupa?"

Akaenda kwenye buti, akainua tairi la akiba, akarudi na bahasha. Haijafunguliwa.

"Nilikuwa naipeleka, mwenyekiti. Kweli tena. Nimefika getini, simu ikaita, mke wangu Suzana amejifungua. Nikageuza. Kufika nyumbani nakuta magari manne ya ndege na sufuria la uji. Wakaleta siku saba, hawakuruka hata moja. Sasa niambie, siku ya nane ningeipeleka barua hii kwa uso upi?"

"Kwa hiyo kifungu kipo?"

"Hakijawahi kuondoka. Wote tunajua isipokuwa wewe. Hata kwa Faustini tulikuwepo. Ulipopiga honi tulikuona."

Nikatamani ardhi inifiche. "Francisca alijua?"

Ndassa akatazama chini, halafu akacheka kile kicheko cha msibani, cha puani. "Shemeji ndiye aliyetukataza kukuambia. Alisema, 'Mwacheni Baba Happy, anafurahia ushindi wake.'"

Tangu hospitali nilikuwa sijalia. Hapo nililia.

Nilipotulia niliinama nisaidie kubeba kuni. Mwalimu Eustakia akaninyang'anya.

"Kaa chini, Matiasi. Leo si zamu yako."

Moto ukawaka. Happy alipofika kutoka Mwanza alikuta watu wamekula, na uani pamejaa watu wanaosubiri kumzika mama yake.

Siku hizi naendesha lile la bluu. Jumapili iliyopita nilipangiwa kuwapeleka bibi wanne msibani Runazi. Bibi Niragira, aliyekaa mbele, alinionya mapema kwamba nikizidisha mwendo anatapika. Nikaenda taratibu hivyo hivyo mpaka baiskeli ikatupita kwenye tambarare.

Mkono wangu ukaenda kwenye gia wenyewe.

"Mwache apite," bibi akasema. "Huyo hajabeba watu."

Sina hekima nyingi za kuwaachia. Soma kabla hujasaini. Na ukiona watu wanajaa kwenye kitu ulichodhani ni chako peke yako, kabla hujawafukuza, angalia kwanza wamebeba nini.