Punda Ambao Hawakuwahi Kufika North Beach

Gadiel Mndeme ni mtu wa mlimani. Alizaliwa Upare, huko ambako ukidondosha chungwa mlangoni kwako unaenda kuliokota kijiji cha chini, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na tatu, kupitia dirisha la basi. Leo anaishi kwa mchanga wa pwani ya Durban, Afrika Kusini. Ukimuuliza imekuwaje, anasema, "Mchanga si mchanga tu?" halafu anaendelea na kazi, maana maelezo si fani yake.

Alianzia Mobeni, kwenye ghala la magodoro, akipakia malori miaka minne hadi mgongo ukaanza kumjibu vibaya. Siku za mapumziko alikuwa anashuka ufukweni, North Beach, kuwatazama vijana wanaochonga mchanga chini ya ukuta wa njia ya watembeaji: simba, mamba, sofa ya mchanga ambayo mtalii anakaa anapigwa picha. Siku moja aliwaambia simba wao anafanana na mbwa aliyefiwa. Wakampa mwiko wa fundi, wakamwambia haya, fanya wewe. Huu ni mwaka wa tisa bado anafanya.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Unashindilia mchanga mbichi mpaka usimame kama ukuta, kisha unachonga kuanzia juu unashuka. Ukishashuka hurudi juu, kwa sababu utaharibu vya chini. Na huongezi kitu, unapunguza tu. Ukikosea umekosea, hakuna kile kitufe cha kufuta ujumbe kwa wote. Katikati unapuliza maji kwa chupa ili mchanga usikauke. Chupa ya Gadiel imetoka saluni ya Greyville anakosukia nywele Yvette, Mkongo wa Lubumbashi anayeishi naye, na mpaka leo sanamu zake zikilowana zinanukia dawa ya nywele.

Mwaka huu kamati ya urithi wa ufukwe ilikumbuka kwamba wachonga mchanga wapo. Ikasema kila mmoja apangiwe sehemu. Sehemu inayotakiwa na wote ni ile ya kwenye ngazi za gati, ambako mtu akitoka hotelini lazima apite, na hiyo Gadiel ndiye ameikalia miaka yote tisa. Sasa itashindaniwa. Kamati ilitoa picha moja ya zamani, ikasema chongeni hii, atakayeipatia zaidi anachukua ngazi kwa miaka miwili. Wengine watapelekwa kwenye maegesho ya mabasi, karibu na vyoo.

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Gati refu la mbao, vibanda vya kubadilishia nguo vyenye magurudumu, mabibi wenye miavuli, na mbele kabisa punda watatu wamepakia watoto wa Kizungu wenye kofia. Chini yake kamati iliandika: ufukwe wetu, enzi zake.

Yvette aliitazama pale saluni akiwa na kitana mdomoni, akaipiga picha kwa simu, akaitafuta mtandaoni. Haikuchukua dakika.

"Cheri, hii picha haiko ya huku," akasema. "Iko ya Angleterre. Mji moja ya kule, kwenye jua linakujaka kwa rendez-vous, kama daktari."

"Acha wewe."

"Soma mwenyewe. Miye nasemaka uongo?"

Gadiel akasoma. Kweli, mji wa mapumziko wa Uingereza, na punda ndio fahari yao toka enzi za mabibi. Akaendelea kusoma mpaka akaelewa kamati ilichanganya wapi: Wazungu waliojenga ufukwe wa Durban waliiga miji ya kwao, gati kwa gati, kiti kwa kiti, kiasi kwamba ukiondoa joto huwezi kutofautisha.

"Wametaka punda, nitawapa punda," akasema. "Mimi nataka ngazi zangu."

"Sharp," akakubali Yvette, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Jumamosi ya mashindano Gadiel alianza alfajiri. Saa tatu gati lilikuwa limeisha, vibanda vimeisha, mabibi wana miavuli. Mbele palibaki bonge la mchanga wa punda, na juu yake masikio mawili marefu yalikuwa yameshatoka. Yvette alikuwa amekaa ukutani anakula chipsi.

Ndipo likaja basi la akina mama wa kanisa kutoka Cato Manor, kila mmoja na chupa ya lita mbili ya kuchotea maji ya bahari kupeleka nyumbani kwa maombi. Mmoja wao, mwembamba, umri wa kama miaka sabini, alisimama mbele ya Gadiel akavua viatu.

"Mwanangu, niangalizie hivi," akasema kwa Kizulu.

"Weka hapo, Gogo," Gadiel akajibu kwa Kizulu chake cha ghalani, ambacho bibi ni gogo.

Aliporudi chupa ikiwa imejaa hakuchukua viatu. Alibaki anatazama mchanga.

"Hapa ni wapi?"

"Hapa hapa, Gogo. Enzi zile."

"Nani kakwambia?"

"Kamati."

"Kamati ilikuwepo?" Akaweka chupa chini. "Mimi nilikuwepo. Sabini na tatu mpaka themanini na nne. Mbwa wa polisi niliwaona. Punda, hapana."

Gadiel, bila kufikiri, akamuuliza kama alikuwa anakuja kuogelea.

"Kuogelea na nani? Ufukwe ulikuwa wa Wazungu, mimi nilikuwa yaya. Nikimshika mtoto wao mkono, naruhusiwa kukanyaga mchanga. Akiingia majini nasimama hapa na viatu vyake mkononi. Vyangu sikuwahi kuvivua. Miaka kumi na moja."

Alisema kama mtu anayetaja saa. Akajifuta miguu, akavaa viatu, akaaga, akaenda zake.

Gadiel alikaa na mwiko mkononi. Majaji walikuwa wanakuja saa sita.

"Haya," akasema Yvette. "Masikio ya nani hayo sasa?"

"Unajua wakinipeleka vyooni tutakula nini?"

"Chipsi. Kama leo."

Akayatazama yale masikio kwa muda. Hayawezi kurudi ndani, yanaweza kupungua tu. Akachukua kisu, akayapunguza, akayainamisha, yakawa ncha mbili za kitambaa zilizofungwa juu ya kichwa. Chini ya kitambaa akashusha uso, chini ya uso mabega, aproni, na mkono mmoja ulioshika viatu vidogo. Miguuni akamwacha na viatu vyake. Mchanga wa punda wawili waliobaki akausawazisha wote, pakawa patupu.

Saa sita alikuja mama wa kamati mwenye karatasi za alama, na mzee mmoja mwenye kofia ya ukili.

"Punda wako wapi?" akauliza mama.

"Hawakuwahi kufika huku. Picha yenu ni ya Uingereza."

Yvette akawapa simu. Mzee akaivuta picha kwa vidole viwili, akasoma, akaivuta tena.

"Eish," akasema. "Na mabango tumeshachapa."

"Na huyu ni nani?" mama akauliza.

"Yaya. Huyu alikuwepo."

Mama alimwangalia yaya muda mrefu kuliko alivyoangalia gati. Kisha akaandika sifuri, maana karatasi ilikuwa na mstari wa punda na mstari huo ulitaka alama. Ngazi alizipata mchongaji mwenzake Pierre-Claver, Mrundi, aliyechonga punda watatu wenye meno hadi magego. Walikuwa wazuri, tusiwe na wivu.

"Kaka, mimi nilifuata karatasi tu," Pierre-Claver akamwambia.

"Najua. Meno yametoka vizuri."

Jumamosi iliyofuata Gadiel alikuwa kwenye mchanga wa maegesho ya mabasi, ndoo na mwiko, harufu ya vyoo ikija na kuondoka. Basi la kwanza likasimama. Wakashuka akina mama na chupa zao, wakamwona mtu amekaa mchangani hana haraka. Wa kwanza akavua viatu.

"Mwanangu, niangalizie."

Wa pili naye akavua, na nyuma yake foleni. Gadiel akawa anavipokea, anavipanga mbali na maji, soli chini. Yvette akampiga picha akaituma kwenye grupu la saluni: duka limefunguliwa, hawauzi.

Saa nne alikuwa na jozi kumi na tisa, na mchanga wenyewe alikuwa bado hajaugusa.