Mchumba Anataka Nifumue Shuka Langu Nitarizi Tausi

Admin, nifichie jina, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni Mkenya, miaka thelathini na tatu, kwetu Bungoma, na huu ni mwaka wa sita niko Juba. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja mtaa wa Hai Amarat. Naanza na kazi kwa sababu nawajua, mtaniita mvivu na mvuta bangi kabla hamjamaliza kusoma. Kazini sichelewi, sare napiga pasi mwenyewe, na bangi sijawahi kuigusa.

Lakini nikitoka kazini navua viatu. Nimepanga chumba kwenye ploti moja mtaa wa Nyakuron, pamoja na mpiga gitaa, Mganda mmoja mchoraji ambaye amechora mpaka mlango wa choo, na Mama Poni, mwenyeji wa hapa, anayetarizi milaya. Kwa msioijua, milaya ni shuka jeupe ambalo wanawake wa huku hulitarizi tausi na maua kwa nyuzi za rangi, kisha hulitandika wageni wa heshima wakija. Jioni tunakula kwenye sinia moja, tunabishana, tunaimba, na mwenye kilio analia. Hakuna anayeulizwa cheo. Watu hudhani maisha haya ni rasta na kutooga. Wapi! Ni akili iliyokataa kuvalishwa sare. Mimi nimeipata ukubwani na sitairudisha.

Hapo ndipo mchumba wangu aliponikuta. Ni Mkenya pia, afisa wa shirika, mtu wa tai. Alimsindikiza mwenzake kwa yule mchoraji, mvua ikawazuia, gitaa likalia, na huyo bwana akavua viatu akacheza kwenye matope mpaka akaketi chini kwa kicheko. Akaniambia, "Tangu nije Juba, leo ndio nimepumua." Miezi minane hakukosa Jumamosi hata moja. Huyo ndiye niliyempenda.

Aliposema analeta watu wake, nilimwomba Mama Poni anifundishe kutarizi. Nikamwambia mimi sitaki tausi, nataka watu. Akacheka sana. "Mimi iko nashona ndege sababu mama yangu alishona ndege. Wewe shona yako." Basi kwa miezi mitatu nikaishona ploti yetu: gitaa, sinia, mbuzi wa jirani, mimi na sare ya hoteli miguu mitupu, na yeye katikati anacheza, tai imerukia begani. Nilimtarizi kwa mapenzi, Mungu anajua.

Wageni wakaja: kaka yake mkubwa, mke wa kaka, na mzee wa kanisa. Nikatandika milaya kitandani kama wafanyavyo wenyeji, moyo unanidunda kwa furaha. Yule mke wa kaka akainama, akaangalia, akamgeukia mchumba wangu. "Huyu wa tai si ni wewe?" Kaka mtu akakunja uso. Na mchumba wangu, mbele yangu, mbele ya Mama Poni ambaye alikuwa ameshika birika la chai, akasema, "Sijawahi kucheza huku mimi. Ni mambo yake tu."

Mama Poni aliweka birika chini akatoka nje. Mke wa kaka akanipa na methali juu yake, "Ngoma ikivuma sana hupasuka." Nikamjibu, "Ikipasuka tutawamba nyingine." Ndipo nikaitwa sina adabu.

Kesho yake mchumba akaja peke yake. "Fumua hiyo kitu yote. Shona tausi kama wanawake wengine, halafu uhame hapa kabla ya harusi." Nikamuuliza kwa nini alinikana. Akashusha sauti. "Kazi yako sina shida nayo. Shida ni akili yako." Nikamwambia, basi nikihama si nitahama nayo? Akasema tuombe.

Nikampigia mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, fumua. Uzi unauzwa dukani, mume hauzwi." Siku hiyo nililia, siwadanganyi. Bado nampenda yule mtu. Nataka nyumba, nataka watoto, na umri wangu naujua. Nilichukua mkasi nikaanzia kwake, nikafumua mguu mmoja, mkono ukagoma. Nikakaa pale na hasira zangu, nikautarizi tena.

Sasa matangazo ya ndoa yetu yameshasomwa kanisani mara mbili. Jumapili hii ni ya tatu na ya mwisho, na mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Yeye anadhani nimefumua. Sijafumua na sitafumua, kwa hiyo hilo msinishauri, mtamaliza bando bure. Ninachouliza ni hiki. Nimpigie sasa, nimpe nafasi moja ya kumwambia kaka yake kwamba anayecheza pale ni yeye? Au ninyamaze mpaka mchungaji aulize, nisimame mimi mwenyewe, bibi harusi, niseme pingamizi ninalo? Nishaurini, na msikawie. Leo ni Alhamisi.